Kabla Boti Haijaondoka: Afya ya Msafiri na Mvuvi wa Ziwa Turkana



Tangu ukame wa mwaka 2020 hadi 2022 uwamalizie mifugo watu wengi wa Turkana, njia ya kwenda ziwani imejaa watu. Vijana ambao baba zao walijua ngamia na mbuzi tu sasa wanatoka Kakuma, wanapita Lodwar kilomita kama 120, halafu wanashuka Kalokol kilomita nyingine 60 hivi, kuomba nafasi kwa mwenye boti. Akina mama nao wanafuata biashara ya samaki waliokaushwa, wanapanda boti mpaka Lowarengak na hata Todonyang. Wengi wao hawajui kuogelea. Wengi hawajawahi kulala majini hata usiku mmoja. Na juu ya maji hakuna alama ya kuonyesha Kenya inaishia wapi: ncha ya kaskazini ya ziwa iko Ethiopia, pale Mto Omo unapoingia.

Basi katika toleo hili tumeona tuongee juu ya afya ya mtu wa boti, hasa yule ambaye safari yake inamfikisha nchi ya wenyewe. Mtu akihara Lodwar, ni shilingi chache za boda boda na amefika hospitali. Akihara akiwa kisiwani, upepo umekataa na mafuta ya injini ni ya kurudia tu, hapo ni siku mbili kabla hajaonwa na daktari, na kuhara kwa siku mbili katika joto letu kunaua mtu mzima. Ugonjwa ni ule ule. Tofauti ni kile alichobeba na kile alichojua kabla boti haijaondoka ufuoni.

Upepo kwanza

Mtaniuliza, upepo na afya ni wapi na wapi? Jibu ni kwamba kuzama ndiyo ajali ya ziwani isiyo na dawa, na mara nyingi upepo ndio unaoleta.

Ziwa letu lina urefu wa karibu kilomita 250 na zaidi, na limelala kati ya milima ya Ethiopia na nyanda za juu za Kenya. Ule mwanya katikati unafanya kazi kama mlango wa nyumba ulioachwa wazi pande mbili. Upepo wa kusini-mashariki unapita hapo kwa nguvu, na siku nyingi una nguvu zaidi usiku wa manane hadi asubuhi, halafu unapungua kuanzia mchana kuelekea alasiri. Mzoefu hupanga safari yake kwa saa hizo. Mgeni anaona ziwa limetulia kama sahani saa tisa mchana na anadhani litakuwa hivyo usiku kucha.

Mwaka 1934 Mwingereza Vivian Fuchs alileta wanasayansi kuchunguza ziwa hili, wakati huo likiitwa Rudolf. Wawili kati yao, Martin na Dyson, walivuka hadi Kisiwa cha Kusini. Hawakuonekana tena mpaka leo. Hao walikuwa watu wenye vifaa na ramani. Sisemi hivi ili kutisha mtu, nasema ili yule kijana mwenye kiburi cha kusema “mimi naona boti ni kubwa” afikiri mara mbili.

Jambo lingine: kwa sababu upepo unatoka kusini-mashariki, injini ikizima boti haikai pale. Inasukumwa kaskazini na magharibi. Mtu aliyezimikiwa na injini nje ya Lowarengak anaweza kupambazukiwa karibu na mpaka, au ng'ambo yake, bila kupanga. Ndiyo maana hata mvuvi ambaye hana nia ya kwenda Ethiopia afadhali asome makala hii hadi mwisho.

Kila mtu ndani ya boti awe na jaketi la kuokolea, na alivae, si kulikalia kama mto. Kama hakuna, mtungi mtupu wa lita 20 uliofungwa kifuniko sawasawa unaweza kumshikilia mtu juu ya maji. Funga kamba ya kushikia kabla ya safari, maana ndani ya maji vidole havifungi kitu. Lakini mtungi ni wa shida tu, usiwe kisingizio cha kutonunua jaketi. Boti ikipinduka, shikamaneni nayo. Ukingo unaonekana karibu, na walio wengi wanaokufa ni wale wanaoiacha boti wakajaribu kuufikia.

Mtu akitolewa majini naye hapumui, msimning'inize kichwa chini wala kumbonyeza tumbo ili maji yatoke. Hiyo inapoteza dakika. Mlaze chali, inua kidevu chake kichwa kirudi nyuma, bana pua, mpulizie pumzi 5 mdomoni mpaka uone kifua kinapanda. Kisha weka mikono miwili katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu na haraka mara 30, puliza 2, bonyeza 30, puliza 2. Endeleeni kwa kupokezana. Akizinduka, mlaze kwa ubavu, mfunike, na bado apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama anasema yuko sawa, kwa sababu maji yaliyoingia mapafuni yanaweza kumletea shida baada ya saa kadhaa.

Maji ya kunywa katikati ya maji

Hapa ndipo watu wa Kakuma wanapokosea sana. Kwetu maji ni shida, kwa hiyo mtu akiona ziwa zima anasema, shida imeisha. Maji ya Ziwa Turkana yana magadi. Watu wa ukingoni wanayanywa kwa kukosa mengine, ndiyo, lakini mgeni tumbo lake linafunguka, na yana madini ya floraidi mengi, yale yanayofanya meno ya watoto kuwa ya kahawia na, yakinywewa miaka mingi, kuharibu mifupa. Kuchemsha kunaua vijidudu ila hakutoi magadi wala floraidi. Kwa kweli maji yakipungua kwenye sufuria, chumvi iliyobaki inazidi ukali. Dawa ya klorini nayo ni hivyo hivyo: inaua vijidudu, chumvi inaiacha palepale.

Kwa hiyo beba maji kutoka nchi kavu, ya kisima au ya bomba, na uyatie dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Hesabu yake si ngumu. Mtu mmoja anayefanya kazi juani anahitaji angalau lita 5 kwa siku za kunywa. Watu 4 kwa siku 3 ni lita 60, yaani mitungi 3 ya lita 20. Ongeza mtungi mmoja wa siku ambayo injini itakataa. Mwenye boti atanung'unika kwamba mitungi inakula nafasi ya samaki. Mwambie samaki hawanywi.

Mtu akianza kuhara, msingoje. Mpeni maji ya chumvi na sukari, yale ya pakiti tunayoyaita ORS. Soma pakiti kwanza, maana nyingine ni za kuchanganya na nusu lita na nyingine ni za lita moja. Ukikosea, dawa inakuwa kali au inakuwa bure. Pakiti zikiisha, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usitumie maji ya ziwa kutengeneza dawa hii: tayari yana chumvi yake. Anywe kidogo kidogo kila mara, hata akitapika. Ngojeni dakika 10, mwanzeni tena. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

Kama choo kimekuwa kama maji ya kuoshea mchele na kinatoka bila kukoma, hiyo inaweza kuwa kipindupindu. Acheni nyavu. Geuzeni boti. Na msichafue maji mnayotia ndoo. Kule visiwani na kwenye kambi za wavuvi vyoo ni vichache, basi chimba shimo mbali na maji, funika, nawa kwa sabuni.

Jua nalo lisisahaulike. Mtu aliyepigwa na jua anaanza kuumwa kichwa, anatapika, halafu anasema maneno yasiyoeleweka na ngozi inakuwa ya moto kabisa. Hapo maji ya ziwa yanafaa: mlowanishe mwili wote, mpepeeni, mwekeni chini ya turubai. Kama hajitambui usimtie maji mdomoni, yatamwingia mapafuni.

Sanduku la dawa na ile dawa ya kila siku

Meli kubwa zinazotia nanga Mombasa zina sanduku la dawa na kitabu cha kumwongoza nahodha; Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu cha namna hiyo mara ya kwanza mwaka 1967. Boti ya Kalokol haihitaji makubwa. Ndoo ndogo yenye kifuniko kinachobana inatosha, nayo ikae mahali pasipoloa: pakiti za ORS zisizopungua 10, panadoli, bendeji na vitambaa safi, sabuni, dawa ya kuoshea vidonda, glavu, mkasi, tochi, chandarua cha kila mtu. Uzi wa nyavu na ndoano hukata mikono kila siku, na kidonda kidogo kinacholowa kutwa huoza. Osha kwa maji safi na sabuni, kausha, funga. Na ulizia sindano ya pepopunda kabla ya kuanza kazi hii. Ni bora uchomwe ukiwa mzima.

Juu ya malaria, pima kwanza. Wahamasishaji wa afya ya jamii wengi siku hizi wana vifaa vya kupima, na zahanati zinavyo. Ukipewa dawa ya malaria ile ya siku 3, ni dozi 6, umeze zote pamoja na chakula. Ile tabia ya mabaharia wawili kugawana pakiti moja “ili wote wapate nafuu” haiponyi hata mmoja.

Sasa nifike kwa jambo ambalo watu wanaliongea kwa kunong'ona. Wako ndugu zetu wengi wanaomeza dawa kila siku: za virusi vya UKIMWI, za kifua kikuu, za presha, za sukari, za kifafa. Mtu huyu anapata kazi ya boti, anaambiwa ni wiki moja, inakuwa miezi miwili. Dawa zinaisha. Anaona haya kumwambia mwenye boti kwa nini anataka kurudi Kakuma. Anakaa. Matibabu ya kifua kikuu yanachukua miezi 6 kwa kawaida, na mtu akiyakatiza katikati ugonjwa unaweza kurudi ukiwa sugu, tena anawaambukiza wenzake wanaolala naye chini ya turubai moja. Aliyekatiza za virusi naye anavipa virusi nafasi ya kuzaana upya mwilini.

Dawa yake ni kusema mapema kliniki. Mwambie muuguzi wazi: “Mimi ni mtu wa ziwani, sina hakika ya siku ya kurudi.” Anaweza kukupa dawa za miezi kadhaa pamoja, au barua ya kukupeleka kituo kingine kama Kalokol au Lokitaung. Si lazima nahodha ajue ugonjwa wako. Inatosha ajue kwamba tarehe fulani lazima uwe nchi kavu. Zigawe dawa mara mbili, nusu kwenye ndoo na nusu mfukoni ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, ili mzigo mmoja ukianguka majini usipoteze zote.

Mama mjamzito aliyekaribia siku zake asipande boti. Sina la kuongeza hapo.

Jinsi ya kumweleza daktari asiyekuona

Tangu mwaka 1935 kuna ofisi Roma, inaitwa CIRM, ambayo madaktari wake hutoa ushauri kwa redio bure kwa meli za mataifa yote. Walichojifunza miaka hiyo yote kinatufaa sisi pia, ingawa sisi tuna simu ya mkononi tu, tena pale mtandao unaposhika. Daktari hawezi kusaidia akiambiwa “mtu wetu ni mgonjwa sana.” Kabla hujapiga, andika kwenye karatasi: umri wake na kama ni mwanamume au mwanamke, kilichoanza, na saa gani, anajitambua au la, anapumua mara ngapi kwa dakika moja, amehara au kutapika mara ngapi, amekojoa lini mwisho, dawa alizomeza tayari, mko wapi na mtafika nchi kavu baada ya saa ngapi. Ukiwa na hayo, simu ya dakika mbili inatosha hata betri ikiwa inakufa. Namba za simu za kituo cha afya cha karibu na za hospitali ya Lodwar ziandikwe kwa kalamu ndani ya kifuniko cha ndoo. Simu hupotea majini, kifuniko hubaki.

Mamba, nyoka na nge

Maji ya ziwa yamepanda sana miaka hii ya karibuni, yamefunika miti na mahali palipokuwa nyumba, na mamba wamesogea karibu na watu. Usinawe uso ukingoni jioni, usisimame kiunoni kutengeneza nyavu gizani, usitupe matumbo ya samaki pale boti inapofungwa. Aliyeumwa na mamba, bonyeza jeraha kwa kitambaa safi mpaka damu isimame, na apelekwe hospitali hata kama jeraha ni dogo, kwa sababu meno ya mamba yana uchafu unaoozesha.

Nyoka ni hatari zaidi kuliko watu wanavyofikiri. Yuko yule mdogo wa mchangani ambaye anajikunja na kukwaruza magamba yake kama mtu anayekaanga kitu. Sumu yake inazuia damu kuganda. Aliyeumwa anaweza kuonekana mzima leo, na baada ya siku moja au mbili akatoka damu kwenye ufizi au kwenye mkojo. Usikate kwa wembe, usinyonye, usifunge kamba kwa nguvu, na lile jiwe jeusi linalouzwa sokoni liache huko. Vua pete na bangili, funga kiungo kwa ubao kisitingishike, mgonjwa asitembee, apelekwe Lodwar. Mtu atangulie kupiga simu kuuliza kama dawa ya sumu ipo, maana haipo kila mahali. Usiku, viatu na tochi. Asubuhi kung'uta viatu kabla ya kuvaa, nge hupenda kulala humo.

Ukifika nchi ya wenyewe

Mpaka wa kaskazini si mahali pa kwenda kwa mzaha. Mei 2011 watu wetu waliuawa Todonyang, na Februari 2025 wavuvi walishambuliwa upande huo huo na wengi hawakurudi. Upande wa Dassanech, ambao sisi tumezoea kuwaita Merille, nao wana makaburi yao. Kabla ya kupita Lowarengak kwenda kaskazini, ongea na kamati ya ufuo, ile BMU, na na polisi wa Todonyang, ujue hali ya wiki hiyo. Msiende boti moja peke yake. Msivue usiku karibu na mpaka.

Beba kitambulisho ndani ya plastiki. Mkimbizi wa Kakuma au Kalobeyei asiondoke bila hati ya kusafiri kutoka Idara ya Huduma za Wakimbizi. Akikamatwa ng'ambo bila karatasi, shida yake ni mara mbili ya ya mwenyeji.

Upepo ukikupeleka ng'ambo, usijifiche kwenye matete. Aliyejificha anadhaniwa ni mvamizi. Kaeni na boti mahali mnapoonekana, mikono wazi, na mwombe kupelekwa ofisi ya kebele, yaani utawala wa kijiji kule. Mji wa karibu upande ule ni Omorate, kando ya Mto Omo. Usitegemee kadi yako ya SHA huko, utaombwa birr.

Kwa sababu Kiswahili hakitakusaidia sana mbele ya muuguzi wa Ethiopia, kabla ya kuondoka mwombe muuguzi wako akuandikie kadi ndogo kwa Kiingereza: jina, ugonjwa, majina halisi ya dawa na kipimo chake, na dawa zinazokudhuru. Mhudumu wa kule atasoma jina la dawa hata kama hamwelewani neno lingine lolote.

Na ukitibiwa kule, angalia sana tarehe. Saa zao ni kama zetu: saa moja ni ya asubuhi jua linapochomoza, hapo hamtakosana. Lakini kalenda yao ina miezi 13, na mwaka wao uko nyuma ya wetu kwa miaka 7 au 8. Kadi ya kliniki iliyoandikwa 2016 yaweza kuwa ya 2024 kwetu. Mtu akirudi nayo Kakuma, muuguzi anaweza kudhani ni karatasi kuukuu na kuitupa, au mgonjwa akakosa siku ya kurudi kwa sababu alihesabu mwezi vibaya. Mwombe mhudumu wa kule akuandikie pia idadi ya siku: rudi baada ya siku 14, meza kwa siku 7. Siku ni zile zile pande zote mbili.

Mwisho, acheni karatasi ufuoni kwa kamati, au kwa mtu wa nyumbani: majina ya wote waliomo ndani ya boti, rangi ya boti, mnaelekea wapi, mna maji ya siku ngapi, na siku ambayo mkiwa hamjarudi mtafutwe.